Mji kwa Konzi ya Pumba

Jua la adhuhuri liko dirishani, bakuli la wali limebaki nusu, na Tokiharu, mtawala mkuu wa Japani, anasinzia peke yake, maana hakuna mwenye hadhi ya kula naye. Miguu imemvimba, imekufa ganzi, na waganga wamenyoosha mikono. Anafumba macho, na mara miguu inamtii. Maskini, anafurahi kama mtoto! Anatembea katika barabara isiyokwisha, kati ya nyumba za vioo, na katika kila kioo yumo Tokiharu mwingine, anakula wali mweupe, peke yake. Pembeni anatokea mtu asiye na uso. Kitendawili, anasema mtu yule. Tega, anajibu Tokiharu, na moyo unamruka, kwani ni miaka mingapi hajacheza na mtu? Bwana anakula mwili anakwisha, farasi wake anakula koti ananenepa. Tokiharu anataja samaki, anataja hariri. Siyo, nipe mji. Jamani, mtawala atoe mji kwa mchezo! Lakini anaogopa kuachwa, basi anasema, chukua Edo yote, mji wangu mkuu. Vioo vinazimika kimoja kimoja, barabara inajikunja chini ya nyayo zake, na yule mtu anamfungulia kiganja. Pumba. Mchele wako wanaukoboa mpaka unang'aa, anasema, na uzima wako wanaumwaga zizini. Kula hizi, utapona.

Anaamka kiganja chake kikiwa mdomoni, kitupu. Miguu ni ileile, mizito. Genzaburo, msimamizi wa jiko, amepiga magoti mlangoni, paji la uso sakafuni. Nipikie mchele wenye pumba zake, anasema Tokiharu. Nisamehe, Bwana Mkuu, nikikulisha chakula cha farasi nitakatwa kichwa. Nani akukate, nami ndiye mwenye mji? Hapo Tokiharu anakumbuka kwamba mji ameshautoa. Inua uso nikuone, anaomba, na anaomba kweli. Sithubutu, Bwana Mkuu. Miaka kumi na miwili mtu huyu anamhudumia, na Tokiharu hajui hata pua yake ikoje. Kama huku ndiko kuamka, mbona wa kuzungumza naye alimpata kule? Bakuli jipya linasogezwa mbele yake, jeupe, linafuka mvuke. Zizini farasi wanatafuna. Tokiharu anafumba macho kwa nguvu. Kitendawili, anasema, na anangoja mtu amwambie tega.