Yamuli Haikupata Nafasi

Usiku wa kuamkia leo niliota nimelala kifudifudi juu ya kaunti yetu, kalamu mdomoni.

Jambo hilo halikunishangaza. Mimi ni mchoraji ramani katika afisi ya mipango, na wiki nzima nilikuwa nimeiinamia kaunti hiyohiyo mezani: magharibi mitaa mipya yenye mageti na vigae vya rangi, katikati mashamba ya kahawa, mashariki vilima na mbuzi. Ijumaa niliimaliza. Kesho Jumatatu inakwenda kwa mpiga chapa. Jina langu, Nzilani, liko pembeni chini kwa herufi ndogo sana, lakini limo.

Kisichokuwemo ni kijiji cha Yamuli. Huko ndiko nilikolelewa na Shangazi Syombua, dada ya baba yangu. Yamuli iko nyuma tu ya mtaa mpya uitwao Bustani za Mawio Awamu ya Pili, na jina la mtaa huo ni refu. Nilipolipanga likaenea mpaka ng'ambo ya mto, Yamuli ikakosa pa kukaa. Nikajiambia, wenyewe si wanajijua.

Ndotoni nikainuka, nikajikung'uta vumbi la karatasi, nikashika njia ya kwenda kwa Shangazi. Kaunti nzima ilikuwa kwenye kipimio cha ramani, sentimita mbili kwa kilomita moja. Natembea sentimita mbili, napata kiu ya kilomita nzima.

Nikafika kwenye geti la Bustani za Mawio. Hapakuwa na mlinzi. Geti lenyewe ndilo lililouliza.

"Unaenda nyumba namba ngapi?"

"Napita tu. Naenda Yamuli kwa shangazi yangu."

"Shangazi ni namba ngapi?"

"Shangazi si namba."

Geti likafikiri kidogo, likanipa daftari la wageni. "Andika sifuri."

Nikaandika sifuri. Palipoulizwa sababu ya ziara nikaandika: aibu. Geti likasoma, likasema wengi huandika fundi wa mabomba, kisha likafunguka.

Ndani, nyumba zote zilifanana mpaka nyufa. Wakazi walikuwa wakimwagilia nyasi maji na kusalimiana juu ya nyua.

"Hujambo, Arobaini na Mbili?"

"Sijambo, Kumi na Saba. Mama watoto?"

"Yupo. Nadhani alihamia Ishirini."

Nikapita kimya. Ukuta wa nyuma wa mtaa ulikuwa na mlango mdogo. Naufungua, na papo hapo niko kilimani, jua la saa nane linanipiga kisogoni. Mistari ya miinuko niliyoichora kwa mkono wangu imetandazwa mlima mzima kama kamba, na mama mmoja mwenye leso kiunoni anaanika majani ya kunde juu ya mstari wa mita elfu moja na mia saba.

"Inua mguu, dada," akaniambia. "Juzi mbuzi aliukata huu, kilima kikateremka kwa jirani. Mpaka leo hajakirudisha."

"Yamuli ni wapi siku hizi?"

Akanyoosha kidole mahali ambapo kijani kilikatika ghafla. Mbele yake kulikuwa na weupe mtupu.

Nikaingia kwenye weupe. Kijiji chote kilikuwemo, kimesimama bila ardhi. Wanakwaya walikuwa wamebeba mabenchi yao mikononi. Mzee mmoja alikuwa amemshika ng'ombe kiunoni asije akaelea. Shangazi Syombua alikuwa amejitwisha jiko kichwani, na juu ya jiko sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, inatokota.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Ningekupa kiti, ila sina pa kukiweka."

"Habari za huku, Shangazi?"

"Habari ni nzuri, lakini hazina mahali." Akanitazama kwa upendo, na upendo huo ukaniuma kuliko kofi. "Nasikia umefanya kazi safi. Wanasema hata choo cha stendi kimo."

"Kimo," nikakubali.

"Vizuri. Mtu akibanwa ajue pa kwenda. Miaka minne umesomea njia za watu, ya kwenu ikakuponyoka. Haya, onja muthokoi."

Nikaonja. Ulikuwa na chumvi ya kutosha. Nikataka kulia, lakini chozi likakosa pa kudondokea, likabaki likining'inia kidevuni.

Hapo ndipo alipokuja Ufunguo. Ni kile kisanduku cha pembeni mwa ramani kinachoeleza alama, ila sasa alikuwa amevaa tai na miwani. Msalaba ulimfuata nyuma, kisha kisima, kisha shule, kisha zahanati, wote katika mstari mmoja kama watoto wa chekechea.

"Saa kumi ramani inakunjwa," akatangaza. "Mahali pasipo na jina panabaki ndani ya mkunjo. Na nyinyi mnajua, hakuna anayekunjua ramani mara ya pili."

"Na zahanati?" Shangazi akauliza. "Ninavyoona unayo hapo nyuma."

"Zahanati haipewi weupe, mama. Inapewa jina."

Shangazi akasawazisha jiko kichwani. Ana presha, na kila mwezi hutembea kufuata dawa hadi ng'ambo ya kilima. Nikatoa rula mfukoni, nikaipima njia yake kwa mara ya kwanza maishani. Sentimita kumi na nane. Kilomita tisa kwenda, tisa kurudi, na miguu ile.

"Naliandika sasa hivi," nikamwambia Ufunguo.

"Wapi?"

Nikatazama. Herufi za Bustani za Mawio Awamu ya Pili zilikuwa zimelala kifudifudi juu ya shamba la Shangazi, kila moja ndefu kama lori, zikiota jua. Nikaisukuma P. Ikakoroma, ikageukia upande wa pili.

Wakazi wa mtaa wakatoka mbio na kandambili. Mbele alikuwa mwenyekiti wao, Bwana Kithome, amevaa joho la kuogea, mkono mmoja kikombe cha chai, mwingine mbwa.

"Usiguse jina letu!" akasema. "Hata nafasi iliyo kati ya herufi imo kwenye hati."

"Bwana Kithome, kuna watu chini ya jina hilo."

"Watu gani? Tumeishi hapa miaka miwili, hatujaona mtu."

"Maziwa mnayokunywa asubuhi yanatoka wapi?"

"Yanaletwa na mama mmoja, anaitwa..." Akageuka kuwauliza wenzake. "Anaitwa nani?"

"Mama Maziwa," wakajibu kwa pamoja.

"Syombua," Shangazi akasema kutoka chini ya jiko lake. "Na wewe ndiwe uliyeniomba nisitie maji kwa sababu ya tumbo la mtoto."

"Anatoka wapi?" nikamwuliza tena.

"Yamuli," akasema Bwana Kithome, sauti imepungua.

"Yamuli haipo. Tazama ramani."

Na kwa kuwa haikuwepo, chai ikageuka kuwa ya rangi kikombeni mwake. Zikageuka chai zote mtaani, nyumba kwa nyumba, kuanzia Namba Moja. Tulisikia watoto wakilia kwa zamu.

Upande wa mashariki ukaanza kuinuka. Mkunjo ulikuwa umefika. Vilima vikaja juu yetu taratibu kama blanketi, na yule mama wa kunde akapita juu ya vichwa vyetu, kichwa chini, bado anaanika.

"Chukueni Awamu ya Pili!" Bwana Kithome akapiga kelele. "Upesi!"

"Na mtabaki na Awamu ya Kwanza?" akauliza Ufunguo, kalamu tayari.

Wakazi wakaangaliana.

"Haikujengwa," akasema Arobaini na Mbili. "Tulianzia ya pili ili tuonekane wenyeji."

Wakavua kandambili, wakashika herufi. Na watu wa Yamuli wakaweka mabenchi juu ya weupe, wakashika upande wa pili. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwaona wakibeba kitu pamoja. Y ilikuwa nzito, ikahitaji wanne na ng'ombe. M ikataka kubembelezwa. Nikawa nawaelekeza: Y, A, M, U, L, I. Ya mwisho ilipogusa weupe, udongo mwekundu ukaenea chini ya miguu yetu kama uji unaomwagika, chozi langu likapata pa kudondokea, na Shangazi akateremsha jiko, akajinyoosha mgongo. Nilisikia mifupa yake ikishukuru.

Herufi zilizosalia tukawarudishia wakazi. Mtaa wao sasa ukasomeka: Bustani za Mawio Wapi.

"Linafaa," akasema Bwana Kithome, akanywa chai. Ilikuwa nyeupe. "Wageni huuliza hivyohivyo."

Ikabaki A moja, haina kazi. Nilikuwa nataka kuuliza iwekwe wapi, lakini kilima kikanifunika usoni, kikawa na harufu ya sabuni yangu ya kufulia.

Nikaamka. Simu ilikuwa inalia. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, na jina kwenye kioo lilikuwa la Shangazi Syombua, ambaye sikuwa nimempigia tangu msimu wa maembe uliopita.

"Nzilani, umelala mpaka sasa? Wewe uliye na watu wa afisi, niulizie. Kuna fundi aliyesahau ngazi yake shambani kwangu. Nimeamka naikuta imesimama kando ya mpapai. Ngazi gani hii, miguu yake imekutana juu, ina kipandio kimoja tu, katikati. Lakini ni imara. Nishaipanda, nimeangua matatu."

Nikakaa kitandani, miguu sakafuni.

"Shuka, Shangazi," nikasema. "Napitia afisini kwanza, kuna kosa nalirekebisha. Kisha nakuja."

"Unakuja?" akauliza, na nikasikia anacheka, papai mdomoni. "Unaijua njia?"