Mashine Isiyopumua

Binti yangu alinisimulia haya jana tukikunja nguo. Mama mkwe wake halali bila kusikia nyimbo alizorekodi marehemu mumewe, na kompyuta kuukuu iliyozipiga ilikuwa inakata roho. Mwanawe akapima: aundiwe kompyuta nyingine, au anunue kimashine cha kuwekea muziki tu, kisicho na kelele? Akanunua kimashine.

Siku mbili mama hakufumba jicho. "Mwanangu, baba yako anaimba lakini hapumui."

Kumbe miaka yote alidhani mvumo wa feni ya kompyuta ni pumzi za mzee.

Mwana akaenda kwa fundi. "Niundie kompyuta yenye feni inayovuma."

"Bwana wee! Wenzako hunilipa niinyamazishe!"

Feni ilipovuma, mama akalala. Mwanawe akabaki kitini akiomba umeme usikatike, hadi usingizi ukamwiba.