Senene Ndani ya Kompyuta

Subira huvuta malori. Heri sijaiona ikivutwa, angalau si hapa Ihembe, si Desemba ile ya mwaka tisini na sita, wakimbizi walipoambiwa wawe wamerudi Rwanda kabla mwezi haujaisha. Waliosubiri kidogo walipakiwa. Waliosubiri sana walipakiwa pia.

Saa mbili asubuhi nilimkuta mwanamke amekaa kwenye kizingiti cha ofisi yetu, miguu imejaa vumbi jekundu mpaka magotini. Aliponiona alisimama haraka.

"Shikamoo, dada."

Mtu ambaye angeweza kunizaa, ananiamkia mimi shikamoo. Kambi ilikuwa imemfundisha kumnyenyekea kila anayeshika ufunguo.

"Mama, usinipe shikamoo. Mimi ndiye wa kukuamkia. Naitwa Kokuhirwa, ni karani hapa. Una shida gani?"

Aliitwa Mukantabana. Miaka miwili nyuma, wakivuka mto kwa kukimbia, mtoto wake wa mwisho alimponyoka katikati ya watu. Msichana, Kantengwa, wakati huo ana miaka miwili. Juzi, kwenye foleni ya maji, alisikia kwamba shirika letu limeandikisha watoto wanaolelewa na wenyeji, na kwamba mmoja wao ana kovu la moto kwenye mguu wa kushoto, umbo la jani.

"Uji ulimmwagikia," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa naupika."

"Lori lenu linaondoka lini?"

"Leo, saa sita. Mwambie huyo mwenye daftari anitazamie."

Daftari halikuwepo. Kadi za karatasi zilikuwa zimepelekwa Mwanza wiki iliyopita, maana mratibu wetu, Mzee Apolinary, alisema kompyuta haisahau. Majina mia tatu na arobaini ya watoto niliyaingiza mimi mwenyewe, kidole kwa kidole, na kovu lile nililiandika mimi. Nililikumbuka kovu. Kijiji sikukikumbuka.

"Ingia, mama. Ni dakika tano tu."

Nikabonyeza kitufe. Kimya.

Niliyosomea stashahada yangu ndiyo haya: usiogope, anza na umeme. Jenereta ilikuwa inanguruma nyuma ya nyumba. Taa ya stebilaiza, kile kidude cha kutuliza umeme, ilikuwa inawaka. Nilichomoa waya wa kompyuta nikachomeka wa skrini, kwa kuwa skrini ilikuwa inawaka. Kimya. Feni haikuzunguka, hakuna mlio, hakuna kitu. Mashine iliyokufa kichwa hulia. Hii haikulia hata kidogo. Basi ugonjwa ulikuwa tumboni, kwenye kile kisanduku cha chuma cha nyuma kinachopokea umeme na kuugawa ndani.

"Inaumwa?" Mukantabana aliuliza.

"Inaumwa."

"Itapona kabla ya saa sita?"

Nilifungua skrubu kwa ncha ya kisu cha jikoni nikavuta kava.

Harufu ilitoka kwanza, na harufu ile kila Mnyambo wa huku kwetu anaijua: senene, panzi wetu wa msimu, wa kukaangwa. Walikuwa wamejazana humo kama kwenye debe, wa kijani na wa kahawia, mbawa zimenata kwenye nyaya. Feni ya kisanduku cha umeme ilikuwa imekabwa na miili yao. Kisanduku chenyewe kilikuwa kimeungua kikawa cheusi upande mmoja.

Nilimwita Novatus, mlinzi wetu, ambaye pia ndiye aliyewasha jenereta kila siku.

"Novatus, nani alitega senene hapa?"

Alitazama ndani ya kompyuta, akashika kichwa. "Yesu wangu. Dada Koku, mimi niliambiwa."

"Na nani?"

"Na mzee. Msimu umefika, na umeme uko hapa peke yake. Alisema tuning'inize zile balbu kubwa dirishani ziwavute, mabati nje, mapipa chini. Jenereta ikawa inazipasua balbu, akasema tuzipitishe kwenye hicho kidude chako."

"Kwenye stebilaiza. Na kompyuta ikawaka nayo usiku kucha, dirisha wazi."

"Mimi nilijua ile ni televisheni tu ya kuandikia. Tulipata mapipa mawili, dada. Mawili! Ya kupeleka kwa wakwe zake Bukoba, Krismasi."

Ningemcheka. Lakini asubuhi ile ile, kabla sijafungua ofisi, mke wa Mzee Apolinary alikuwa amenipa senene kwenye jani la mgomba, wamekaangwa na kitunguu, nikala nikiwa nimesimama, nikalamba vidole na kusema Mungu ambariki aliyewatega.

Tiba ilikuwepo. Stoo kulikuwa na kompyuta mpya ndani ya boksi lake, imefungwa utepe, ikisubiri wafadhili, wageni wa Ijumaa, waje waikabidhi na kupigwa picha. Kisanduku chake cha umeme kingeingia kwenye yetu. Nilimfuata Mzee Apolinary ukumbini, alikokuwa anaonyesha watu mahali pa kupanga viti.

"Shikamoo, mzee. Naomba ufunguo wa stoo."

"Marahaba, binti yangu. Wa nini?"

Nikamweleza. Kuhusu senene alitazama pembeni. Kuhusu boksi alinitazama machoni.

"Lile boksi halifunguliwi kabla ya wageni. Nimewaandikia kwamba halijaguswa."

"Mzee, kuna mama anapakiwa saa sita."

"Wote wanapakiwa. Fundi wa Bukoba anakuja na basi la kesho. Subira, binti. Watoto hawatahama, na yeye akishafika kwao tutamwandikia barua."

"Kwao wapi? Nyumba yake imechomwa."

"Kokuhirwa." Akashusha sauti, kama baba. "Umesoma, lakini hujalelewa? Nenda ukasubiri."

Nikaenda. Na hapa sitajipamba: nilisubiri. Saa tatu na nusu mpaka saa tano na nusu nilikaa mbele ya kompyuta iliyopasuliwa, nikipangusa mbawa za senene kwa brashi ya viatu, kwa sababu nililelewa kweli, na kwetu mkubwa akisema subiri, mdogo anasubiri. Mukantabana alikaa sakafuni kando yangu. Hakulia. Alinieleza tu jinsi Kantengwa alivyokuwa anakataa kulala bila kushika sikio la mtu.

Saa tano na nusu askari walianza kupita na filimbi. Mukantabana alisimama akajifunga khanga upya.

"Dada, jaribu sasa."

Nikachukua jembe la Novatus nikavunja kufuli la stoo. Mapigo manne. Nikakata utepe. Nikapasua boksi. Novatus alisimama mlangoni akisema, "Mimi sijaona, mimi sijaona," huku akinishikia tochi.

Kukitoa kisanduku cha umeme kwenye mashine mpya kulikula muda, kwani skrubu zake zilikazwa kiwandani na mimi nilikuwa na kisu cha kumenyea ndizi. Kabla sijaimaliza ya mwisho, askari aliingia.

"Huyu ni wa lori la tatu. Twende, mama."

"Afande, nusu saa," nilisema. "Mtoto wake yumo humu."

Akatazama ile mashine iliyofumuliwa matumbo, mbawa zimezagaa mezani. "Humo?"

"Jina lake limo humu. Anapoishi."

"Dada, mimi nina orodha, na orodha yangu imo kwenye karatasi." Hakusema kwa ubaya. Alimshika Mukantabana mkono kama anayemsaidia kushuka ngazi.

Mlangoni mama yule aligeuka. "Andika kwamba nilikuja," aliniambia.

Zilibaki plagi mbili za kuchomeka kwenye ubao mkubwa, zinazofanana kama mapacha. Ukizikosea unauunguza ubao wote. Walitufundisha: nyaya nyeusi zikutane katikati. Nilizichomeka, nikazichomoa, nikazitazama tena, nikazichomeka. Nje malori yalikuwa yameshawashwa.

Nikabonyeza. Feni ikazunguka. Mlio mmoja, mfupi, wa afya. Maandishi meupe yakaanza kushuka kwenye kioo taratibu, mashine ikihesabu kumbukumbu zake kana kwamba tuna siku nzima.

Saa sita na dakika kumi na nane nilisoma: Kantengwa, miaka minne, kovu la moto, mguu wa kushoto. Analelewa na Placidia, mjane, Nyakasimbi.

Novatus alinibeba kwa baiskeli mpaka barabara kuu. Tulikuta vumbi, na masufuria yaliyodondoka, na mzee mmoja wa Kihangaza akiyaokota. Malori yalikuwa yamekwenda.

Nilikwenda Nyakasimbi Jumapili. Placidia alinikaribisha vizuri. Mtoto alitoka nyuma ya nyumba na jani la mgomba kichwani, akaniamkia kwa Kinyambo safi. Nilipomtajia jina la mama yake alimtazama Placidia. Barua tatu zimevuka mpaka tangu hapo. Hakuna iliyojibiwa, na wilaya aliyonitajia Mukantabana tulipokuwa tunasubiri ni jina tu la kilima.

Ijumaa wageni walikuwa wamekuja. Walikuta boksi lililopasuliwa, na juu ya meza yao, katikati ya maua, nilikuwa nimeweka kile kisanduku kilichoungua, na senene wake ndani. Mgeni mmoja aliuliza ni nini. Nikamjibu kwa Kiswahili, polepole, mbele ya Mzee Apolinary na kamati yake yote, tangu balbu mpaka lori. Hakuna aliyepiga picha.

Sasa kamati imeniandikia. Nimevunja kufuli, nimeharibu mali, nimemwaibisha mkubwa wangu mbele ya watu, na nikitaka kubaki kazini niandike barua ya kuomba radhi, nimpelekee Mzee Apolinary nyumbani kwake kwa mikono miwili. Mama yangu ananisihi niandike. Paroko ananisihi. Hata Novatus anasema, "Dada Koku, ni karatasi tu."

Kosa langu nalijua: nililisubiri kufuli saa mbili nzima kabla ya kulivunja, na anayenidai radhi hiyo hayupo Ihembe. Mzee Apolinary asingoje kitu kwangu. Siombi radhi.