Siku Nne za Shangazi

Aliyelala kwenye kitanda cha skani alikuwa shangazi yake, dada wa baba yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita. Yeye, fundi wa kupiga picha kwa mashine hiyo, alikaa nyuma ya kioo. Picha za asubuhi ile zililinganishwa na zilizopigwa kabla ya dawa, ionekane kama saratani iliyomkaa Shangazi kwenye ini inarudi nyuma.

Akapima uvimbe. Mwanzo ulikuwa sentimita sita. Sasa tatu na nusu. Akapima tena, moyo ukimwenda mbio.

Majibu hutolewa na daktari, hilo alilijua vizuri. Lakini Shangazi alishageuza uso kumtazama.

"Mwanangu, usinifiche."

Akabonyeza kitufe cha kipaza sauti. "Uvimbe umenywea, Shangazi! Karibu nusu!"

Shangazi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Siku nne mfululizo alipigia simu ukoo mzima, akawaambia mawifi zake waache kuzipigia hesabu nguo zake, mwenyewe bado anazivaa.

Siku ya tano daktari wa picha alimwita fundi. Alizipandisha picha kutoka kwenye ini hadi mapafuni. Palikuwa na madoa matatu, madogo kama punje za mtama. Mwanzo hayakuwepo.

Fundi alizipiga picha hizo mwenyewe, ila furaha ilimzuia kutazama zaidi ya ini.

Aliomba awepo wakati Shangazi anaelezwa kwamba saratani imefika mapafuni na dawa itabadilishwa. Shangazi alisikiliza, mkoba mapajani. Walipotoka koridoni, fundi alipiga magoti.

"Nisamehe. Nilikudanganya."

"Ulisema ulichokiona. Inuka, watu wanatutazama." Akamshika bega. "Zile siku nne nililala usingizi wa mtoto. Mimi sizirudishi kwa mtu."

Dawa mpya haikufua dafu. Miezi saba baadaye walimzika.

Siku hizi, wenzake wakienda kula mchana, fundi hubaki peke yake na zile picha. Huzipandisha, huzishusha, akingoja mapafu yatokee safi kabisa, bila doa. Juzi muuguzi aliingia akasoma jina kwenye skrini.

"Huyu si alishafariki?"

"Ndiyo."

"Sasa unapima nini?"

Fundi hakugeuka. Alikuwa ameshaweka alama ya kipimo kwenye ukingo mmoja wa doa la kwanza, anaivuta taratibu kuelekea ukingo wa pili.