Amina ya Bun-ye

"Nyama ya ng'ombe, Jumapili ya kawaida?" Bun-ye alichungulia sufuria ya supu. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Mchungaji ndiye kasema leo tupike vizuri," akajibu Pil-sun, mwenzake wa jikoni pale kanisani tangu wote wawili wakiwa na meno yao yote. "Nawe hukosi neno! Ukipewa maji utauliza yametoka mto gani."

Bun-ye hakucheka. Asubuhi ile Mchungaji Maeng aliingia jikoni mwenyewe, akawainamia mpaka kiunoni, akaisifu kimchi yao, kabichi ya kuchachusha yenye pilipili. Miaka yote hiyo hakuwahi hata kujua mlango wa jikoni uko wapi. Huyu ana lake, aliwaza. Na alilihisi: Ju-wan, mwana wa Mchungaji. Mchungaji alikaribia kustaafu, na mji mzima wa Gunsan ulinong'ona kwamba anataka kumrithisha mwana kanisa kama shamba la mpunga. Ju-wan huyohuyo aliyekabidhiwa ukumbi wa kulishia wazee, akaufunga, akaufanya ofisi yake. Kanisa ambalo Bun-ye na marehemu mumewe walilibebea matofali mgongoni!

"Hawezi," Pil-sun alimtuliza. "Mchungaji mpya lazima tumpigie kura ya siri."

"Haya. Tutaona."

Ibadani, Mchungaji alihubiri juu ya Kora, aliyempinga Musa akamezwa na ardhi. Bun-ye alikunja uso. Mbona wana wa Eli, makuhani walafi waliowapotosha watu wa Mungu, huwaruka kila mwaka?

Lakini sauti ya mzee yule ilikuwa tamu, na kanisani pale kila sentensi ya mchungaji hujibiwa. Asiyejibu huulizwa kama anaumwa.

"Bwana ni mwema!"

"Amina!"

"Wanaowapinga watumishi wake wataaibika!"

"Amina!"

"Hawaachi kondoo wake bila mchungaji!"

"Amina!"

"Na baada yangu, Ju-wan ndiye atakayewachunga!"

"Amina!"

Mchungaji akachukua nyundo ndogo ya mikutano, akagonga meza mara tatu. "Imepita kwa kauli moja."

Bun-ye akaziba mdomo kwa kiganja. Na yeye alisema. Alilisikia neno likitoka kinywani mwake mwenyewe, kubwa, la furaha. Lo, mdomo huu!

Akasimama. Pil-sun akamvuta sketi. "Dada, keti, utatuaibisha!"

"Mchungaji," alisema, "hiyo amina yangu ya mwisho naomba unirudishie. Nataka karatasi ya kura."

Watu wakageuka. Mmoja akakohoa. Mchungaji Maeng akatabasamu taratibu.

"Mama yetu amechoka. Tumwombee."

Vichwa vyote vikainama, cha Pil-sun pia. Bun-ye peke yake alibaki wima, macho wazi. Mchungaji akaanza kumwombea kwa upole, akimtaja kwa jina, lakini naye hakuwa amefumba macho. Alikuwa akimkazia. Bun-ye akamkazia vilevile, huku kanisa zima, macho yamefumbwa, likiitikia amina.