Picha ya Dirishani

Rafiqa hakuwa mtu wa kijicho, au ndivyo alivyojidanganya mpaka binamu yake Zeenat aliposhika kamera. Na nani aliyemfundisha kuishika? Yeye mwenyewe! Sasa mwanafunzi kampiku mwalimu, na miaka miwili mfululizo picha ya vuli, msimu wa majani kupukutika, iliyotundikwa dirishani pa studio ya Ustadhi Mukhtar ilikuwa ya Zeenat. Dirisha hilo si pambo. Mama mwenye binti wa kuozwa husimama pale, hutazama miti ya michinari ilivyowaka wekundu pichani, huuliza kaipiga nani, na huyo ndiye anayeitwa kupiga picha harusini. Rafiqa hakuwa ameitwa tangu mwaka juzi.

Mwaka huu akajiapiza. Alizunguka bustani zote za Srinagar, akapiga mchinari mmoja mzima, umesimama katikati kabisa ya picha. Ustadhi akaitazama huku akikuna ndevu.

"Binti yangu, hii umeupiga mti picha ya kitambulisho. Umesahau kuuambia usicheke."

Zeenat akaangua kicheko. Kicheko chenyewe kilikuwa cha mzaha tu, lakini kilimchoma Rafiqa hadi kwenye mfupa.

Zeenat naye alikuwa amekwisha pata pake. Nyuma ya ziara, pale kwenye kaburi la walii, michinari miwili imeinamiana, na chini yake majani yametanda bila kukanyagwa hadi ukutani. Maskini, alimsimulia Rafiqa yote, kama mtu anavyomsimulia dadaye: ukilala kifudifudi, majani yanakuwa njia na jicho linajiendea lenyewe. Kesho asubuhi, jua likichomoza tu, angeipiga. Rafiqa akasema mashallah, na moyoni anatokota.

Hasidi hana sababu, walisema wahenga. Huyu wetu alikuwa nayo, basi ikawa balaa.

Vuli ikifika, wanawake wa kule hufagia majani ya mchinari na kuyachoma yawe makaa ya kangri, kile kijungu cha moto wanachokikumbatia chini ya joho baridi yote. Jioni ile Rafiqa alipita kwa Shangazi Taja, mwenye fagio refu na mdomo mrefu zaidi, akamnong'oneza kuwa majani ya nyuma ya ziara yamekauka vizuri, na wanawake wa mtaa wa pili wanayamezea mate. La kwanza lilikuwa kweli.

Angebaki nyumbani angesalimika. Lakini mwenye wivu hatosheki kusikia, anataka aone. Alfajiri akajibanza nyuma ya shina. Shangazi Taja na wenzake walikuwa wamekwisha fagia, ardhi imebaki tupu, chungu za majani zinafuka moshi. Zeenat alifika, akasimama kama aliyefiwa. Rafiqa akauhisi utamu mpaka kooni. Kisha Zeenat akapiga goti, akaanza kupiga picha ovyo ovyo, na Rafiqa akatoa kichwa amwone kama analia.

Ijumaa picha ikawa dirishani. Jua limepasua moshi, migongo ya wanawake imeinama upande mmoja, na upande wa pili, kati ya mashina, uso wa mwanamke unachungulia, meno yameumana. Ustadhi alikuwa akimwambia kila mpitaji kuwa bila uso ule picha ingelala upande: jicho linatangatanga moshini, halafu linatua pale.

Rafiqa aliganda mbele ya kioo. Zeenat akaja kusimama kando yake.

"Sikukuona siku ile, dada," alisema taratibu. "Nimekuona nilipoikuza."

Mama mmoja aliyekuwa na binti wa kuozwa akasimama karibu nao. Akaitazama picha, akamtazama Rafiqa, akarudi kwenye picha.

"Huyu si wewe, mwanangu? Ulikuwa unamtazama nani hivyo?"

Rafiqa akavuta ushungi hadi usoni.

"Mimi," Zeenat akajibu, akaingia ndani.