Msumeno Uliochaguliwa kwa Sikio

Kule kwetu Kibabi, katika milima ya Masisi, hakuna mtu aliyenunua jembe bila Papa Nzabandora. Mke uliweza kuoa bila kumwuliza, na wako waliofanya hivyo wakajuta, lakini jembe, hapana. Alilishika kwa vidole viwili, akaligonga kwa kijiwe, akalisogeza kwenye sikio na kufumba macho. Likilia "ngiiing" ndefu, alisema, "Beba." Likilia "ko", alimrudishia muuzaji kama mtu anayerudisha yai bovu. Mlima mzima ulikula maharagwe kwa sikio lile. Mimi pia nilikula, kwa hiyo nikimcheka hapa mjue ninamcheka nikiwa nimeshiba.

Dada yake, Mama Victorine, mjane mwenye sauti ya kengele ya misa, alikuwa na mashini ya kupasua mbao ndani ya kibanda chake. Mzungu mmoja mwenye shamba alikuwa ameiacha hapo mwaka wa uhuru, akasema atarudi kuichukua. Kuku ndio waliomngojea. Ilikuwa na magurudumu mawili, moja juu na moja chini, kila moja upana wa lungo la kupepetea maharagwe, na juu ya magurudumu hayo ulizunguka ukanda wa chuma wenye meno upande mmoja. Moteri ya mafuta ya mazutu ikilia, ukanda unashuka, wewe unasukuma gogo, mbao zinatoka. Mimi nilikuwa nimesukuma magogo ya yule Mzungu miaka mingi. Yeye alinifundisha kwa matusi; mashini ikanifundisha zaidi, ikajilipa ncha ya kidole changu cha shahada. Mpaka leo nikimwonyesha mtu njia, anauliza nimeonyesha wapi.

Mwaka 1969 fujo zilizofuata uhuru zilikuwa zimetulia, watu wamerudi kwenye nyumba zao, na nyumba nyingi milango yake ilikuwa mikeka ya majani ya ndizi. Mama Victorine aliniruhusu niwashe ile mashini. Nikapasua mbao za milango, watu wakaanza kuniita fundi, mke wangu Verdiane akaanza kutembea polepole ili asalimiwe vizuri. Halafu siku moja, pa! Ukanda ukakatika, na hatukuwa na mwingine.

Mama Victorine alikuja, akatazama, akaweka mikono kiunoni.

"Viateur, maharagwe inakaribia kukauka. Hii chuma inakula nafasi ya mavuno yangu na haikate hata muti. Bantu ba kununua vyuma kuukuu kutoka Goma banaiomba kila siku."

"Mama, usiniue. Nitakula nini?"

"Utakula yale maneno yako mingi. Sikia. Nitakupatia gunia mbili za maharagwe. Muende Walikale na kaka yangu, mulete ile ukanda. Mavuno ikikuta mashini inakata, itabakia hapa na kazi ni yako. Ikikuta haikate, kamio ya vyuma itaibeba. Umesikia?"

Nilisikia mpaka tumboni. Sikuwa na shamba la kutosha wala kazi nyingine. Bila ile mashini ningerudi kubeba mizigo ya watu mgongoni, na mgongo wangu ulikuwa umekwisha kuagana na kazi hiyo.

Basi tukapanda kamio, lori la mizigo, mimi, Papa Nzabandora, magunia mawili, na vipande vya ukanda uliokatika ili muuzaji aone urefu. Barabara inashuka kutoka kwenye baridi yetu mpaka kwenye msitu wa Walikale, ambako mtu anatoka jasho akiwa amekaa tu. Kule wanapenda maharagwe yetu kama sisi tunavyopenda mafuta yao ya mawese, kwa hiyo magunia yalikuwa pesa nzuri kuliko pesa.

Muuzaji aliitwa Léonard, mtu mrefu mwenye kicheko kifupi. Alikuwa fundi katika kiwanda cha mbao kilichofungwa, akabaki na marobota ya kanda za chuma. Alizikata kwa urefu unaoutaka, akaunga ncha mbili kwa moto na shaba mpaka zikawa kitu kimoja. Marobota mawili yalining'inia ukutani: moja la ukanda mnene, limezungushwa duara pana kama mlango, na jingine la ukanda mwembamba, limezungushwa duara dogo.

Aliangalia vipande vyetu, akavipinda kidogo, akasema bila kufikiri, "Njo hii nyembamba inawafaa."

Papa Nzabandora akamtazama kama alivyowatazama wauza majembe.

"Kijana, ile yetu ilikuwa nyembamba. Ikakatika. Sasa muntu akiumwa na mbwa, anarudi kununua kaka yake ile mbwa?"

Watu waliokuwa nje ya duka wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Nilikuwa upande wa mzee kabisa. Nisidanganye, maneno yake yalinikaa kichwani kama msumari.

"Papa," Léonard akasema, "magurudumu yenu yako na upana gani?"

"Kama lungo," nikasema.

"Basi ni madogo. Hii munene ni ya magurudumu yanayomupita muntu kwa urefu. Kwenye madogo itapinda, itanyooka, itapinda, itanyooka, mara elfu na elfu. Itachoka. Ile yenu ya kwanza ilikatika juu ya uzee, haiko juu ya wembamba."

"Chuma inachoka?" mzee akauliza. "Jembe yangu inalima tangu nilioa. Mimi njo nachoka."

Akaokota kijiwe. Nilijua kinachokuja, nikasogea watu wapate kuona. Aligonga ukanda mwembamba: "twaa", sauti ya sufuria iliyoanguka. Akakunja uso. Akagonga ule mnene: "ngiiiing". Ulilia, ukalia, kuku wa jirani wakanyanyua shingo. Papa Nzabandora alifumba macho, akatabasamu kama mtu aliyesikia jina lake likisomwa kanisani.

"Beba," akasema.

Léonard akanigeukia. "Na wewe, fundi, unasema nini?"

"Mimi?" nikasema. "Hata kuku wamesikia, kaka."

Léonard akacheka kile kicheko chake kifupi, halafu akaacha kucheka. Aliona mvi za mzee, akaona maharagwe, akaona namna Papa Nzabandora alivyoyapima: kila beseni limejaa mpaka kilele kinaporomoka, na juu ya kilele konzi nyingine. Mwisho wa kupima mzee alisema, "Hiyo ni matabisi yako," maana kwetu muuzaji asiyeongeza kidogo juu ya kipimo hajauza, ameiba kwa adabu. Kisha akanyoosha mkono wake mwenyewe. "Na yangu?"

"Ya nini, Papa?"

"Matabisi. Nimenunua ukanda. Siwezi kuondoka mukono mutupu, watasema watu wa Walikale hawakulelewa na mama."

Léonard aliviokota tena vile vipande vya ukanda wetu. "Subiri," akasema, akayatungua marobota yote mawili, akaingia nyuma ya nyumba. Alikawia. Tulisikia moto ukipulizwa, tukadhani anaunga ukanda wetu. Tukasikia tena, tukadhani anauunga vizuri zaidi. Alitoka na ukanda wetu mnene, na pamoja nao kifurushi cha gunia kilichofungwa kwa kamba ya msituni.

"Matabisi yako hii hapa, Papa. Mutafungua siku ile kubwa itachoka."

Mzee alikipima mkononi. "Chepesi kama kofia ya padri," akaninong'oneza. "Ni matambara." Lakini matabisi haifunguliwi mbele ya aliyeitoa, basi akashukuru kwa heshima na tukaenda. Kwenye kamio alinipa nikikalie. Nami nawaambia, kutoka Walikale mpaka Kibabi kitu kilinichoma makalio bila huruma. Nililaumu misumari ya kamio. Nilimlaumu dereva. Nilimlaumu mpaka mjomba aliyenifundisha kupanda kamio.

Tulipowasha mashini, mlima mzima ulikuja kuona. Mama Victorine alisimama mbele na lungo lake. Ukanda mnene ulizunguka kwa sauti tamu kweli, Papa Nzabandora akiwageukia watu na kuonyesha sikio lake. Niliingiza gogo la msipresi. Ubao wa kwanza ukatoka umenyooka, wanawake wakapiga vigelegele. Wa pili ukatoka. Wa tatu ulifika katikati, mashini ikapiga kelele kama nguruwe, na pa! Ukanda ukaruka, ukapita juu ya vichwa na kujichoma kwenye ukuta wa udongo, ukabaki unatetemeka pale. Na hata pale ulikuwa bado unalia vizuri.

Hakuna aliyecheka. Hata mimi, ambaye nimecheka penye mengi, nilizima moteri tu. Papa Nzabandora alikwenda akakaa juu ya gogo, akaviweka viganja vyake masikioni kama anataka kuyang'oa. Nilimwona mzee hivyo na nikasahau tumbo langu kidogo.

"Papa," nikamwambia, "twende nyumbani."

"Ni mimi nilichagua," akasema.

"Na mimi njo niliweka kuku kuwa shahidi. Twende."

Mama Victorine hakugomba, na hilo lilituumiza kuliko ugomvi. Alisema tu, "Maharagwe inaingia kesho. Kamio ya vyuma itapita." Akaanza kukusanya magunia ya mavuno. Yalikuwa hayatoshi. Akakiona kile kifurushi changu cha kukalia, kimetupwa pembeni.

"Hili gunia la nani?"

"Matambara," mzee akasema bila kuinua kichwa. "Matabisi."

"Matambara yawekwe chini, gunia nalitaka." Akaikata ile kamba.

Kitu kilirukia nje kama nyoka aliyeamshwa, kikafunguka chenyewe uwanjani, duara moja refu, jembamba, lenye meno mapya. Kuku wakakimbia. Kiungo cha shaba kiling'aa. Nilipiga magoti, nikapitisha kidole changu kizima, maana kile kingine sikukiamini tena. Ulikuwa urefu wetu. Ulikuwa ukanda wetu. Yule mtu alikuwa ameona hawezi kubishana na mvi, akatuuzia tulichotaka na akatuongezea tulichohitaji, na mimi nilikuwa nimekikalia siku yote nikitukana misumari.

Niliuvalisha kwenye magurudumu. Haukuimba. Ulipita ndani ya gogo "shaaa" kama maji kwenye majani, ubao baada ya ubao, mpaka gogo likaisha na Mama Victorine akaweka chini magunia yake.

"Chuma hii ibakie," akasema. "Lakini maharagwe yangu italala wapi?"

"Juu ya mbao, Mama," nikasema. "Mbao za kwanza ni zako." Na ndivyo ilivyokuwa: nilimjengea ghala lenye sakafu iliyoinuka, kavu, na ndani yake maharagwe hayakupata ukungu tena. Papa Nzabandora alikuja akaugonga ule ukanda kwa kijiwe. "Twaa."

"Inalia vibaya kabisa," akasema, machozi yakimlenga. "Aksanti, Bwana Yesu. Vibaya kabisa."

Baada ya mavuno tulirudi Walikale, mimi na mzee, na gunia la maharagwe lililojaa mpaka likashindwa kushonwa. Léonard alitupokea kwa kicheko chake kifupi. Hakuuliza ule mkubwa umekwenda wapi. Mzee alimpa gunia kwa mikono miwili, kisha akatoa kitu kilichofunikwa kwa majani ya ndizi.

"Na hii, matabisi yako."

Léonard akafunua. Lilikuwa jembe jipya. Papa Nzabandora alikuwa amezunguka masoko ya Masisi mpaka Mweso, akigonga, akirudisha, akigonga, hadi akalipata.

"Papa, mimi muntu wa misumeno. Hata shamba sina."

"Ligonge kwanza," mzee akasema.

Léonard akaokota kijiwe, akaligonga. Likalia "ngiiiing", na wanunuzi mlangoni wakanyanyua shingo kama wale kuku, mpaka sauti ilipokwisha.

"Sasa," Léonard akasema polepole, akilishika kifuani, "nitatafuta shamba."